Mama Mayai wa Stesheni ya Malampaka

"Yai lililotagwa leo usilichemshe leo."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia, kabla hata hatujaulizana hali. Nilikuwa na mwezi mmoja tu Malampaka, mke mgeni wa kijana wa gengi la kutengeneza reli, nimekaa kizingitini mwa nyumba yetu ya bati nikimmenyea mume wangu yai ambalo kuku wetu alikuwa amelitaga asubuhi hiyo. Ganda lilitoka vipande vidogo vidogo, na kila kipande kiliondoka na nyama yake, mpaka nikabaki na kitu kilichochubuka kama goti la mtoto. Yeye alikuwa akipita na ndoo kichwani. Alisimama, akatazama mikono yangu, akasema neno lake hilo, kisha akaongeza, "Liache siku nne, tano. Likikaa, ganda na yai vinachokana vyenyewe." Akaenda zake bila tone moja la maji kumwagika.

Stesheni nzima ilimwita Mama Mayai. Siku hizo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na kila treni iliyokwenda Mwanza au kurudi ilisimama pale kwetu dakika chache, na kila iliposimama yeye alikuwepo. Jiko lake lilikuwa mawe matatu nyuma ya ghala la pamba. Msimu wa mauzo, nyuzi nyeupe ziliruka hewani na kutua popote, juu ya reli, juu ya paa la stesheni, juu ya kilemba chake. Nikienda kisimani asubuhi na mapema nilimwona akitokea ndani ya mvuke wa sufuria, nusu mtu, nusu ukungu, nyuzi za pamba zikimzunguka polepole, na kwa sekunde kadhaa nilikuwa sina hakika kama nimeshaamka.

Nilijifunza kwake kwa kukaa tu pale. Hakuwa mtu wa kufundisha. Ukimuuliza swali alikupa kazi ya mkono, na jibu ukalikuta ndani ya kazi hiyo. Kwanza alinipa bakuli la maji na kapu la mayai yaliyonunuliwa vijijini, akaniambia nitie moja moja na kutazama. Yaliyolala chini kwa ubavu aliyarudisha kwenye pumba za mpunga yakae siku chache zaidi. Yaliyosimama wima kwa ncha, hayo ndiyo ya kuchemsha. Yaliyoelea juu aliyapeleka nyuma ya nyumba yake na kuyazika. Simaanishi kuyatupa. Alichimba kwa jembe dogo, akayaweka, akafukia, akakanyaga udongo kwa nyayo. Nikamwuliza kwa nini asiyatupe jalalani kama watu wengine.

"Yalitaka kuwa kuku," alisema. "Hayakuwahi. Unataka niyatupe na maganda ya viazi?"

Maji aliyachemsha peke yake kwanza. Watu wengi, nami nikiwemo, tulikuwa tunaweka mayai kwenye maji baridi na kuwasha moto, na yeye alituona kama watu wanaomlaza mgeni jikoni. Alisema yai likipashwa taratibu, utando wake unashikamana na nyama, na hapo hata limenywe na nani hutalipata zima. Kwa hiyo maji yalitokota kwanza, akatia chumvi kidogo ili yai likipasuka lisimwage tumbo lake, kisha akayatelemsha mayai kwa kijiko cha mti, moja moja, kama mtu anayemtia mtoto majini. Na kabla ya hapo alikuwa ameyaweka juani kidogo, maana yai lenye baridi ya usiku likikutana na maji ya moto linapasuka kwa mshtuko.

Saa hakuwa nayo. Stesheni ilikuwa na saa kubwa ukutani, lakini yeye alisema saa ile ni ya treni. Alipimia kwa miti mikavu ya pamba, ile inayobaki shambani baada ya mavuno. Aliivunja urefu wa mkono wake kuanzia kiwiko hadi vidole, akaulisha moto mmoja baada ya mwingine. Mti wa kwanza ukiisha, kiini bado ni maji. Wa pili ukiisha, kimeshika pembeni lakini katikati kinateleza. Hilo ndilo yai la wazee wasio na meno. Wa tatu ukiisha, toa. Ukizembea ukaingiza wa nne, kiini kinavaa pete ya kijani na yai linanuka kama kiberiti. Niliwahi kuyazidisha hivyo siku aliyoniachia jiko. Hakugomba. Alilipasua moja, akanionyesha ile pete, akasema, "Hili limeolewa," na akanirudisha kuvunja miti.

Yakitoka motoni yalikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji ya kisima, uliokesha nje ukipigwa na upepo. Yalipiga kelele ndogo yakizama, na yeye aliinamisha kichwa kusikiliza. Alisema yai likishtuka kwa baridi linajikunja ndani na kuliachia ganda. Kisha aliligonga upande mnene, pale ambapo yai huweka pumzi yake, akalibingirisha mara moja juu ya jiwe bapa, akalimenya likiwa ndani ya bakuli la maji ili maji yaingie chini ya utando na kumsaidia. Ganda lilitoka kama soksi. Nimewaona wapishi wengi baada yake, hata wa hoteli, na sijaona mikono iliyoharakisha bila kuonekana kuharakisha namna ile.

Treni ilipokaribia, filimbi yake ilisikika mbali sana kwenye mbuga, na baina ya filimbi ile na kuwasili kulikuwa na muda mrefu usio na jina, watu wote wamesimama, mbuzi wamesimama, moshi umesimama. Halafu Mama Mayai alikuwa mtu mwingine. Nyumbani alizungumza chini chini hata ilibidi umsogelee. Pale kwenye madirisha ya mabehewa sauti yake ilipaa na kufika behewa la mwisho: mayai, mayai ya kuchemsha, chumvi ipo, pilipili ipo. Alimenya huku akitembea, akamkabidhi abiria yai jeupe juu ya kipande cha karatasi ya daftari, chumvi pembeni, na alikuwa ameshafika dirisha la pili kabla yule wa kwanza hajashukuru.

Wala hakuwahi kupanda treni hiyo. Miaka yote aliyosimama kando yake, hakuwahi kuweka mguu kwenye ngazi ya behewa. Nilimwuliza siku moja kama hatamani kufika hata Mwanza, akaone ziwa.

"Niende kwa nani?" alisema. "Wote wanapita hapa."

Ukali wake ulimwangukia yeye mwenyewe zaidi. Kuna siku aliuza mayai matatu kwa abiria mmoja, mwalimu aliyekuwa anahamia kituo kipya, mwenye kofia nyekundu. Treni ilipokwisha kuondoka alirudi jikoni akagundua kwamba yale matatu yalitoka kwenye kapu ambalo hatujalijaribu majini. Alikaa chini kidogo. Kisha alijifunga khanga, akaenda kwa mkuu wa stesheni, akamtaka apige simu ya reli stesheni inayofuata, wamtafute mwalimu mwenye kofia nyekundu, behewa la tatu, wamwambie asile.

Mkuu wa stesheni alikuwa mtu mnene mwenye kucheka kwa mabega. "Mama, simu hii ni ya serikali."

"Na yule mwalimu ni wa nani?"

Akapiga. Tulingoja nje ya ofisi yake, mimi na Mama Mayai. Jua lilikuwa limeshapanda na reli zilikuwa zinatetemeka kwa mbali kama zimetumbukizwa majini. Baadaye sana mkuu alitoa kichwa dirishani. "Wamempata. Ameshakula yote matatu. Anasema yalikuwa matamu."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Siku tatu hakuuza. Alikaa nyumbani akipepeta pumba, na treni zilipofika tulisikia watu wakiuliza madirishani aliko.

Ilichukua muda mrefu nijue jambo lililokuwa wazi kabisa, pengine kwa sababu lilikuwa wazi mno. Tulikuwa tunamenya mayai yaliyopasuka, yale ambayo hakuyauza bali aliwagawia watoto wa gengi. Nilimwuliza yeye anapenda lipi, gumu au lenye kiini laini.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijawahi kula."

Nilidhani ananitania. Alikuwa anaendelea kumenya. "Nilikatazwa tangu mdogo. Mwanamke hali mayai. Walionikataza wote wamekufa, lakini sikuwahi kumpata wa kuniambia katazo limekwisha."

Mimi pia nilikuwa sili, wala hakuna mwanamke wa kwetu niliyemjua aliyekula, kwa hiyo sikuona la kushangaa zaidi ya hapo. Tukaendelea na kazi.

Sasa niseme lililotupata. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili. Ya tatu iliposhika, muuguzi wa zahanati aliniangalia macho, akanibana kucha, akasema damu yangu ni ndogo. Nile maharage, mchicha, maziwa, na yai kila siku. Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyetumwa kuiba. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Lalago kunitazama mpaka nijifungue. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alinichotea maji, alinikanda mgongo, aliniimbia jioni nyimbo za kwao za kupalilia. Lakini niliposema neno yai aliweka chini kibuyu alichokuwa amekishika.

"Mtoto atazaliwa hana nywele," alisema, "na wewe utamzaa kwa shida. Muuguzi yule ana watoto wangapi?"

Mume wangu aliporudi kazini nilimweleza. Alitazama viatu vyake. "Mama ameshasema," alijibu, akainama kuvivua.

Nyumba yetu ilikuwa na kuku sita na mayai ndani ya kapu, nami nilikula ugali na mlenda. Mwezi wa tano wa mimba niliona giza nikiwa kisimani, nikajikuta chini na ndoo imevingirika pembeni. Wanawake walinibeba. Nakumbuka mbingu ilikuwa nyeupe na sauti zao zilikuwa zinatoka mbali, upande wa pili wa kitu kizito na laini, na nilifikiri kwa utulivu kabisa kwamba na huyu naye anaondoka.

Hakuondoka. Kesho yake asubuhi Mama Mayai alikuja. Treni ya kwenda Mwanza ilikuwa njiani, tulikuwa tumeshaisikia filimbi, na yeye hakuwa stesheni. Alikuja na bakuli lenye mayai matano ndani ya maji.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama mkwe kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Akampa kigoda.

Walisalimiana kwa urefu kama inavyopasa, habari za Lalago, za ng'ombe, za mvua, za waliofariki. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka karibu na ukuta. Salamu zilipokwisha, Mama Mayai alichukua yai moja bakulini, akaligonga, akalimenya. Mama mkwe alimtazama.

"Usimpe," alisema.

"Simpi."

Akalikata kwa meno, yeye mwenyewe, kipande kidogo, akatafuna. Nilimwona akitafuna kwa muda mrefu sana, uso ameukaza, kama anasubiri kitu kimtokee. Treni ilifika stesheni, tukaisikia ikipumua. Alimeza. Akang'ata tena, mpaka likaisha lote.

Mama mkwe alisema kwa upole, bila ubaya, "Dada, wewe umeshapita umri wa kuzaa. Likikudhuru, litadhuru nini?"

Nje treni iliondoka bila Mama Mayai.

"Nilizaa wanne," alisema, kwa sauti ile ya chini. "Nililishika katazo, sikuonja hata mchuzi wake. Walizaliwa na nywele zao zote. Nimewazika wanne, na hata aliyeishi zaidi hakufika kutembea. Muuguzi wa wakati huo aliniambia kama alivyoambiwa huyu, nikaogopa. Sasa wewe ni mtu mzima, nieleze. Katazo lilinilindia nini?"

Kuku waliingia, wakatoka. Nilimwona mama mkwe akiinamia bakuli, akachukua yai, akaligonga upande mwembamba, vibaya, akaanza kulimenya kwa kucha zake ngumu. Vipande vilimshinda. Mama Mayai alikuwa karibu naye kabisa na hakunyoosha mkono kumsaidia. Mwishowe mama mkwe alisogea mpaka mkekani na kuniwekea mdomoni yai lile lililochunwa chunwa.

"Kula, mwanangu," alisema. "Lakini watu wa Lalago wasisikie."

Nilikula. Mdomo wangu ulikuwa na hofu hata sikujua ladha. Siku nyingine nilimwuliza Mama Mayai yeye alionaje ladha yake. Alifikiri. "Kama chumvi imepata mahali pa kukaa," alisema. Baada ya hapo alikula moja kila Jumapili, tena lile la miti miwili, ambalo siku zote alisema ni la wazee.

Binti yangu alizaliwa msimu wa kupanda, kilo tatu na zaidi, na nywele nyingi hata mkunga alicheka. Mama mkwe alimbeba nje kumwonyesha kila aliyepita. Mama Mayai alipoingia, alikishika kile kichwa kwa kiganja chote, kisha akasema ana mayai motoni, akatoka.

Watu walipoanza kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa, sisi wa stesheni hatukuguswa, tulikuwa tayari tumebanana. Lakini kaka yake aliyeishi upande wa Nkololo alihamishwa, akaugua huko kwenye kiwanja kipya, hana wa kumpikia. Mama Mayai alifunga mzigo mmoja. Aliondoka kwa lori la pamba, amekaa juu ya magunia, na hakuaga kwa maneno mengi. Aliniambia tu nisiweke mayai mengi sufuria moja, yanasukumana. Lori lilipokata kona niliona kilemba chake juu ya ule weupe wote, halafu sikujua tena kipi ni kilemba na kipi ni pamba.

Nilijaribu kuuza mahali pake. Mayai yangu yalikuwa mazuri, lakini sauti yangu haikuvuka behewa la pili. Abiria waliinama madirishani na kuuliza, "Yule mama yuko wapi?" Nikawaambia Nkololo, nao wakaitikia kama vile wanakujua. Baada ya miezi michache niliacha.

Miaka sita ilipita kabla sijamwona tena. Shangazi wa mume wangu alifariki Bariadi, na baada ya matanga nilipata nafasi kwenye lori lililokwenda Nkololo. Kijiji kilikuwa kimepangwa kwa mistari, nyumba zimetazamana, na vumbi la mchana lilikuwa limening'inia bila kwenda kokote. Nikamwulizia mama yule anayechemsha mayai. Wakaniambia hachemshi siku hizi, macho yamepungua, anaogopa moto. Muda huu yuko kisomoni.

Darasa la watu wazima lilikuwa ndani ya ghala la kijiji. Wazee walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu na mabenchi, na mwalimu wao alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, mpole, mwenye chaki nyuma ya sikio. Nilisimama mlangoni. Mwanga uliingia kwa matundu ya bati na kusimama kila mahali kama fito. Mama Mayai alikuwa mbele kabisa, amekonda, mgongo wake umenyooka vilevile.

Mwalimu alikuwa anawaita mmoja mmoja ubaoni. Alipomwita alimwambia, "Bibi, leo andika jina lako. Lote, bila kutazama daftari."

Aliinuka. Alisogeza uso karibu na ubao hata pua ikakaribia kuugusa, akaanza. Herufi zilikuwa kubwa, zimeegemeana, moja ikimvuta mwenzake. Kila alipomaliza moja alirudi nyuma hatua moja kuitazama. Darasa lote lilingoja. Nami nikawa nasoma nyuma ya mkono wake, herufi baada ya herufi, na lilipokamilika nilielewa kwamba nilikuwa nalisoma kwa mara ya kwanza. Nilikaa jikoni kwake miaka mingapi, na sikuwahi kumwuliza.

Mwalimu alisema vizuri. Darasa lilipoachwa nilimsogelea nikamsalimu. Alinitambua kwa sauti, akanishika mkono, akauliza habari za mtoto, za mama mkwe, za treni kama bado inachelewa. Nikamjibu yote. Kisha akageuka kidogo kuelekea ubaoni.

"Umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Hakuna anayeniita hivyo tena," alisema. "Kaka naye alikufa. Hebu liite nisikie."

Nililiita. Lilikuwa jina fupi, la kawaida kabisa la kwetu, na ndani ya ghala lile tupu lilisikika vizuri.

Naye akaitika kama wanavyoitika wasichana wadogo wakiitwa na mama zao kutoka ndani ya nyumba, haraka, kwa heshima, huku tayari anaanza kuja.

"Abee."